Hivi ukiwa mpole huwezi kuongoza watu kazini? Naombeni uzoefu wenu

#1 mtoto_wa_Buza
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Nafanya kazi kwenye ghala moja la vinywaji hapa Dar. Niliingia kama mpakiaji, nikawa karani wa mzigo, sasa nimepewa usupavaiza wa zamu ya asubuhi. Ninaowaongoza ni walewale niliokuwa nabeba nao kreti na kuchangia nao wali maharage kwa mama ntilie.

Aliyenitangulia alikuwa mtu wa mikwara. Anatukana, anapiga kreti teke, ukichelewa anakurudisha nyumbani. Hakupendwa, ila saa nne Fuso zilikuwa zimeshatoka zote. Mimi kugomba sijui. Nikisema "jamani tuharakishe" wananijibu "sawa bosi" huku wanacheka, na gari la mwisho linatoka saa sita.

Juzi meneja kaniita, kaniambia: "Kazi unaijua, ila sura ya uongozi huna."

Sasa naulizeni, hizi tabia za kiongozi wa kazini mtu anaweza kujijengea ukubwani, au ni hulka unazaliwa nayo? Na kama inawezekana, unaanzia wapi? Yale ya "uwe mwadilifu, uwe mbunifu, uwe na maono" msinipe, yamebandikwa ukutani kwa HR na hakuna anayeyasoma. Nataka mtu aniambie yeye alifanya nini.

#2 siti_ya_dirishani
Nimeshakaa, chai mkononi. Ngoja waje mabosi.

#3 Fundi Nondo
Dogo, watu wa kazi za nguvu wanamheshimu anayeshika kazi. Mimi ni foremani wa ujenzi. Siku ya kumwaga zege la slabu nafika kabla mixa haijawashwa, shati naweka pembeni, nashika sepeto na vijana. Hakuna wa kuniambia "bosi tumechoka" wakati ananiona nimelowa jasho kuliko yeye. Supavaiza wa kusimama na kalamu sikioni hana lake. Rudi kubeba kreti, watakusikiliza.

#4 QS_mstaafu
Fundi #3, nakuheshimu, ila hapo unampoteza kijana.

Siku ya zege foremani ana kazi yake. Aangalie maji yasizidi kwenye mchanganyiko, nondo zimekaa juu ya spesa na hazijalala kwenye mbao, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane) inapita kila kona, kimo kinafuata kamba. Aliye kwenye foleni ya ndoo haoni hata kimoja. Kuna saiti niliikagua, walipofungua mbao slabu imejaa mashimo upande mzima wa ngazi. Kumbe vaibreta ilizimika mapema, kijana aliyeishika akaogopa kusema. Foremani alikuwa chini anachota kokoto, anashangiliwa.

Kuonyesha kwamba kazi unaiweza ni sawa, siku za mwanzo. Ila huyu tayari wanajua anaiweza, kabeba nao miaka. Akirudi kubeba watamwambia karibu nyumbani.

#5 Fundi Nondo
Mzee QS ndio nyie wa kuja saiti saa tano na kofia nyeupe, saa sita mmeshaondoka 😂😂

La vaibreta nimelielewa lakini. Ila nijibu hili: kwa nini yule kijana aliogopa kusema? Mimi kwangu angesema, kwa sababu niko naye pale pale.

#6 QS_mstaafu
Foremani wake naye alikuwa pale pale.

#7 Sista_wa_Zamu
Nimecheka hapo juu. Mleta uzi, mimi ni nesi, nimewahi kuwa kiongozi wa wodi ya watoto. Sauti yangu haifiki kitanda cha pili, kwa hiyo suala la mikwara kwangu halikuwepo kabisa.

Nilichoanza nacho ni kukabidhiana zamu. Nilikuta watu wanakabidhiana mlangoni, mikoba begani: "wote wazima, yule wa kona muangalie". Nikasema kuanzia leo tunapita kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia, faili mkononi. Kila kitanda naulizia dawa ya mwisho, kapewa saa ngapi na nani kampa. Kama haijaandikwa, anayetoka hatoki mpaka ijulikane. Sikumgombeza mtu. Nilisimama tu pale, nasubiri.

Wakaninunia. Dada mmoja mkongwe akaniambia mbele ya wenzake, "mimi nimeanza kuchoma sindano wewe uko chekechea". Nikamwambia, "ndiyo maana dada, kesho tunaanzia kwako wadogo zako waone inavyofanywa." Kesho yake akaanza, na aliandika vizuri kuliko sisi wote.

Kwa hiyo upole wako uache ulivyo. Ila wawe na kitu kimoja wanachojua utakiuliza, na uwe unakiuliza kila siku, hata siku ambayo kichwa kinakugonga. Kwako labda ni hesabu ya kreti kabla turubai halijafungwa. Siijui kazi yenu, wewe ndiye unajua kinakwama wapi.

#8 kipanga_wa_Ilala
Sista, kwani bado mnatumia mafaili ya karatasi? Kwetu kila kitu kipo kwenye mfumo.

#9 Sista_wa_Zamu
Kipanga, umeme ukikatika mfumo wenu unampa nani dawa? Turudi kwenye mada.

#10 Mwalimu_Kamili
Mimi nasimama upande wa hulka.

Nimefundisha chini ya wakuu wa shule kadhaa, wote wamepita semina zilezile na vyeti vimening'inia ofisini. Kwa wasiojua, sisi walimu tuna daftari la mahudhurio, muda ukifika mkuu anapiga mstari mwekundu, ukichelewa unasaini chini ya mstari. Mmoja alikuwa anapiga mstari halafu anaondoka na daftari, ukasaini ofisini kwake huku umesimama, anakutazama juu mpaka chini. Aliyekuja baada yake alipiga mstari uleule, dakika ileile. Tofauti ni kwamba ukichelewa, saa ya mapumziko anakufuata anakuuliza taratibu, "mwalimu, nyumbani kwema?" Kwa wa kwanza tulikuwa tunawahi kusaini, kisha tunatoroka. Kwa wa pili tulibaki hadi jioni.

Nani alimfundisha huyu wa pili kuuliza vile? Hakuna. Serikali ilituletea mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, OPRAS, sasa tupo kwenye wa mtandaoni, PEPMIS, tunajaza majukumu usiku mtandao ukitulia. Vyote vinapima kazi iliyofanyika. Namna ya kuongea na mtu mzima mwenye shida zake, hiyo mtu anatoka nayo kwao.

#11 Kaka_Takwimu
Mwalimu #10, hulka ipo lakini haimalizi habari. Google mwaka 2008 walianza utafiti wa ndani ulioitwa Project Oxygen, wakitaka kujua kama mameneja wana faida yoyote. Wakapata tabia 8 za mameneja wazuri. Ya kwanza ilikuwa kuwalea watu wako kikazi, kama kocha. Utaalamu wa kazi yenyewe ukawa wa mwisho. Wakaanza kuwafundisha hizo tabia, na wengi wa waliokuwa wanaburuza mkia wakapanda. Mwaka 2018 orodha ikaongezwa, zikawa 10.

Kwa hiyo inafundishika. Na mleta uzi aone hapo: kilichompandisha cheo (kuijua kazi) ndicho kilichoshika mkia.

#12 siti_ya_dirishani
Kaka Takwimu, huko ofisini wanakula bure na wana vyumba vya kulala mchana. Peleka huo utafiti godauni saa nane mchana, bati linawaka, tuone hizo tabia zitabaki ngapi 😂

#13 Mzee_wa_Ubungo
Vijana, haya mambo sisi tuliandikiwa kabisa. Azimio la Arusha 1967 lilisema kiongozi asiwe na majivuno, asiwe na dharau, asiwaonee wafanyakazi. Meneja akikutukana kiwandani unamsomea kifungu, ananywea. Siku hizi mnaulizana kwenye simu.

#14 Msoma_Nyaraka
Shikamoo mzee. Naomba kuweka sawa kidogo. Azimio la 1967 lilikuwa na masharti ya uongozi, lakini yale yalihusu mali: asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo la majivuno, dharau na uonevu lipo kwenye Mwongozo wa TANU wa 1971, ibara ya 15.

Na wafanyakazi waliutumia kweli. Miaka ya 1971 hadi 1973 viwandani kulikuwa na migomo ya kupinga mameneja, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapo Dar walikichukua kiwanda wakakiendesha wenyewe kwa muda.

#15 Mzee_wa_Ubungo
Marahaba. Mwongozo, ndiyo. Umenikumbusha vizuri, vyote vilikuwa vimefungwa kitabu kimoja kwenye droo yangu. Ila hoja yangu ipo palepale. Tabia ya meneja ilibadilika kwa sababu wa chini walikuwa na pa kushika. Hiyo semina mnayoisema haikuwepo.

#16 Mgosi_wa_Korogwe
Kuna kitu kinasahaulika, kuwajibika. Mzee Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Mwanza na Shinyanga. Hakuagiza yeye, hata hivyo akasema nabeba. Ilikuwa 1975 kama sikosei. Kumbe ndiyo akaja kuaminiwa nchi nzima.

#17 Msoma_Nyaraka
Ni Januari 1977. Urais akaupata 1985.

#18 kipanga_wa_Ilala
Sasa mleta uzi ajiuzulu kwa sababu ya kreti za soda? 😂

#19 Mgosi_wa_Korogwe
Sijasema ajiuzulu. Nasema gari likichelewa, akiitwa na meneja asianze na "vijana wako wazembe". Wale vijana watasikia tu, maghala yana masikio. Mkubwa ni jalala.

#20 Dada_Mhasibu
Mgosi, huo msemo umeua watu. Nimeona bosi wa namna hiyo, kila lawama anabeba yeye, kila kazi iliyoharibika anairudia yeye usiku, timu imekaa. Alikuja kulazwa kwa presha, na siku aliyolazwa hakuna aliyejua nywila ya mfumo wa malipo.

Halafu nichangie la kwangu. Mimi nimeongoza idara ya fedha. Mwanaume mwenzangu wa cheo kilekile akisema "hii ripoti irudie", anaitwa makini. Nikisema mimi, kwa maneno yaleyale, naitwa mkali, nina stresi za nyumbani, sijaolewa, nimeolewa vibaya. Nikilegeza, basi "mama hana maamuzi". Kwa hiyo nyie mnaobishana ukali na upole kama vile mtu anajichagulia, wengine tunapangiwa kabla hatujafungua mdomo.

Nilichofanya ni kuacha kutoa maelekezo ya mdomo kwenye mambo ya tarehe. Yote kwa barua pepe, mistari mitatu: nini, lini, nani. Maneno yakapungua sana, maana huwezi kuisema sauti ya barua pepe.

#21 Sista_wa_Zamu
Dada Mhasibu, kwenye barua pepe napo utaambiwa "mbona umeandika kwa hasira" 🙈

#22 Dada_Mhasibu
Nimeshaambiwa.

#23 Mvita_Jikoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni msimamizi wa vyumba katika hoteli moja huku pwani. Nawasoma toka asubuhi, mwazungumza mambo ya moyoni sana. Kwetu sisi uongozi watazamwa karatasi moja, ratiba ya zamu.

Nilipopewa kazi hii, msimamizi aliyeniachia alikuwa na ulimi mtamu ajabu, kila mtu "habibi", "mpenzi". Lakini ukichukua ratiba zake waona wasichana walewale wawili ndio waliofanya usiku wa kuamkia Idi, na ndio haohao waliopewa ghorofa ya juu wakati lifti ya wafanyakazi imeharibika. Hao hawakumsikiliza hata aliposema kweli.

Mimi naning'iniza ratiba ukutani siku ya Alhamisi, na pembeni yake ya miezi iliyopita haitolewi. Atakaye kulalamika asimame ahesabu. Na mimi jina langu limo. Kabla hujajifunza kugomba, hesabu kwanza nani apangwa magari ya mwisho kila siku. Yawezekana wakucheka kwa sababu wajua utawapanga walewale.

Ukaguzi wangu si wa maneno mengi. Napitisha kidole juu ya fremu ya kitanda, mahali ambapo mgeni haangalii, namuonyesha aliyesafisha kidole changu, natoka. Basi.

#24 Fundi Nondo
Huyu wa Mombasa wa kuogopwa. Kidole tu!

#25 Wakili_Kijiweni
Nirudi kwenye #1, kuna kitu mmekiruka. "Ukichelewa anakurudisha nyumbani." Ndugu mleta uzi, usije ukairithi hiyo ukidhani ndiyo sura ya uongozi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na kanuni za utendaji bora za 2007, nidhamu ina ngazi zake. Onyo la mdomo, onyo la maandishi, na kabla ya kufukuzwa mtu asikilizwe. Supavaiza anayefukuza kwa hasira anaipelekea kampuni kesi CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi.

#26 kipanga_wa_Ilala
Na CMA unaenda ndani ya siku 60, kwa hiyo watu wana muda wa kutosha wa kukushtaki.

#27 Wakili_Kijiweni
Siku 30 kama ni kuachishwa kazi, Kipanga. Hizo 60 ni za migogoro mingine. Watu wanapoteza haki zao kwa kuchanganya hapo.

#28 mtoto_wa_Buza
Wakuu nimesoma zote, asanteni. La Sista nimelianza leo. Turubai halifungwi mpaka mimi na dereva tumehesabu safu pamoja. Gari la mwisho limetoka saa sita vilevile, ila halijarudi na upungufu.

Mvita, la ratiba limenigusa, ila zamu sipangi mimi, anapanga meneja. Ruhusa ya mtu aliyefiwa, anasaini meneja. Kreti zikivunjika au zikipungua, tunakatwa zamu nzima, na mimi nakatwa zaidi kwa sababu ni supavaiza. Nyongeza ya cheo bado, naambiwa "tuangalie kwanza".

#29 Dada_Mhasibu
Ahaa! Hili ungelisema mwanzo tusingefika huku.

Wewe huna cheo, una lawama yenye jina. Mtu akitaka ruhusa anakupita anaenda kwa meneja, akitaka kubadilisha zamu anakupita. Kwako anafuata nini? Hata umpe yule wa mikwara hiyo nafasi, teke lake ndilo lililokuwa mamlaka pekee aliyonayo. Ndiyo maana alilitumia.

#30 Mzee_wa_Ubungo
Ndiyo ninayosema tangu asubuhi. Pa kushika.

#31 Mwalimu_Kamili
Mimi nabaki na hulka. Yule mkuu wangu wa pili hakuwa na mamlaka zaidi ya wa kwanza. Daftari moja, kalamu moja nyekundu.

#32 Kaka_Takwimu
Mwalimu, wakuu wako walikuwa na mamlaka wote wawili, kwa hiyo kilichobaki kuonekana ni tabia. Dogo hana, kwa hiyo tabia yake bado hatujaiona. Huwezi kupima kitu kimoja hapo.

#33 Mwalimu_Kamili
Sista je? Yule dada mkongwe alimpindua kwa sentensi moja. Hiyo nayo ni mamlaka?

#34 Sista_wa_Zamu
Mwalimu, usiku ule sikulala nikiitunga hiyo sentensi. Msiifanye hulka.

#35 QS_mstaafu
😂😂 Hapo umemaliza Sista.

#36 Wakili_Kijiweni
Kuhusu kukatwa zamu nzima: mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kuna masharti. Muwe mmekubaliana kwa maandishi. Hasara iwe imetokana na kosa la huyo anayekatwa, ajulishwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. "Zamu nzima mnakatwa" haimo humo. Usiende nayo kwa mabavu lakini, bado unahitaji kazi.

#37 Fundi Nondo
Dogo nenda kwa meneja, mwambie nipe ruhusa na zamu nipange mimi, mwezi mmoja. Ikishindikana nirudishe ukarani. Mwanaume ni kuongea.

#38 Mvita_Jikoni
Asimpe la kurudishwa, ndugu yangu. Atakubaliwa hilo tu.

#39 mtoto_wa_Buza
Nimeenda. Nimesema upangaji wa zamu na ruhusa za siku moja niachiwe mimi, asaini yeye mwisho wa wiki. Hakukataa wala hakukubali. Kasema, "andika barua."

#40 Dada_Mhasibu
Iandike leo hii, kabla hajasahau kuwa amesema. Nakala kwa HR, na yako wagongee mhuri wa kupokea. Usiweke mambo ya makato humo, hiyo barua yake nyingine. Mistari mitatu: nini, lini, nani.

#41 Mgosi_wa_Korogwe
Na usianze na "Husika na kichwa cha habari hapo juu".

#42 kipanga_wa_Ilala
Mgosi, sasa aanze na nini? Barua ya kikazi bila "husika" si barua, hiyo ni meseji.

#43 siti_ya_dirishani
Bandika rasimu hapa dogo, humu tuna mwalimu, wakili na mtu wa kidole.